Sindano ya Ng'ombe na Kutoweka kwa Tumbusi

Katikati ya miaka ya 1990 wafugaji wa India walipata nafuu kubwa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo binadamu walikuwa wakiitumia kwa miaka mingi, ilishuka bei ikaanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo. Ng'ombe anayechechemea alichomwa sindano, akainuka, akarudi kulima. Lakini kabla ya dawa hiyo kuruhusiwa, kuna swali ambalo halikuulizwa: itakuwaje ng'ombe huyo akifa baada ya siku mbili? Katika nchi ambayo wengi hawali nyama ya ng'ombe, mizoga iliachwa nje ya vijiji, na tumbusi ndio walioimaliza.

Vibhu Prakash, mtaalamu wa ndege, aliona katika Hifadhi ya Keoladeo, Rajasthan, kwamba tumbusi wanapukutika. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, pale Lindsay Oaks na wenzake walipothibitisha nchini Pakistan kwamba mabaki ya diklofenaki ndani ya mzoga huua figo za tumbusi. Kufikia 2007, tumbusi mgongo-mweupe wa India walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.9 tangu 1992. Na haikuhitajika mizoga mingi yenye sumu: mmoja katika mia ulitosha na kuzidi, kwa kuwa tumbusi hula kwa makundi, na jozi moja hutaga yai moja tu kwa mwaka.

Gharama iliwarudia watu. Mizoga iliozea mashambani na kando ya maji, mbwa wasio na mwenyewe wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti waliouchapisha 2024, walikadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 zaidi ya kawaida kati ya 2000 na 2005. Nusu milioni ya watu, kwa sababu ya dawa ambayo iliwatibu ng'ombe vizuri kabisa.

Serikali ya India ilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na wakati huo tayari ilikuwa imethibitika kwamba dawa nyingine, meloksikamu, hutuliza maumivu ya ng'ombe bila kumdhuru tumbusi. Hata hivyo chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu ziliendelea kuingia mazizini hadi zilipozuiwa mwaka 2015. La kusikitisha zaidi ni Uhispania, yenye tumbusi wengi kuliko nchi yoyote ya Ulaya: iliruhusu dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2013, ushahidi wote ukiwa mezani.

Huku kwetu Afrika hali ni ya hatari. Utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba aina nane za tumbusi wa Afrika zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu. Muuaji mkuu ni sumu, na sehemu kubwa yake hutokana na ugomvi wa mifugo na wanyamapori. Simba au fisi amekula ng'ombe; mwenye ng'ombe ananyunyiza kiuadudu kwenye mzoga uliobaki. Desemba 2015, Masai Mara, mzoga wa namna hiyo uliua simba na tumbusi pamoja.

Siwezi kumlaani mfugaji huyo. Ng'ombe mmoja kwake ni ada ya shule na matibabu. Lakini tumbusi wanapokwisha, naye hupata hasara. Katika majaribio yaliyofanywa Kenya, mzoga ambao tumbusi hawakuufikia ulichukua karibu mara tatu ya muda kuoza, na wanyama waliokusanyika juu yake waliongezeka mara tatu. Hao ndio wanaoambukizana magonjwa, kisha kurudi vijijini.

Kwa maoni yangu kasoro iko katika mgawanyo wa kazi serikalini. Hapa Tanzania, kwa mfano, kuna ng'ombe zaidi ya milioni 30. Wizara ya Mifugo na Uvuvi hupimwa kwa afya na tija ya mifugo, ya Maliasili na Utalii hubaki na mizoga ya ndege, ya Afya huhangaika na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hasara ikigawanywa hivyo, hakuna ofisi inayoiona yote, na kwa hiyo hakuna inayojiona na wajibu wa kuizuia.

Dawa ya mifugo inapoombewa usajili, mwombaji atakiwe kuonyesha mabaki yake hukaa mwilini siku ngapi na humfanya nini ndege anayekula mzoga. Asiye na jibu asubiri. Viuadudu vikali visiuzwe dukani kama chumvi. Na kifuta jasho cha mifugo iliyouawa na wanyamapori kilipwe mapema, kwa sababu malipo ya baada ya miaka miwili hayamzuii mtu aliyeshika sumu asubuhi ya leo. Kinga nayo ipo: wilayani Simanjiro, Tanzania, wafugaji wameshazungushia mazizi yao waya uliofungwa kwenye miti hai, na mashambulizi ya usiku yamepungua sana. Waya huo unastahili kuwa na fungu lake katika bajeti ya wizara ya mifugo, kama majosho yalivyo na lake.