Kandambili si viatu vya kuendeshea gari

Kila ajali ya barabarani itokeapo, hatukosi kumsikia mtu akisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake, lakini siku hizi umegeuzwa kichaka cha kufichia uzembe.

Anayetilia shaka kauli hii na asimame asubuhi kando ya barabara itokayo Migori kupitia Awendo hadi Rongo, au ile iendayo Homa Bay kupitia Rodi Kopany. Atawaona wenye magari wakiendesha kwa kandambili, kwa mabuti ya mpira yenye matope ya shambani, au kwa viatu vya visigino virefu. La kusikitisha ni kwamba baadhi yao ni walimu wenzangu.

Itakumbukwa kwamba kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, ziliwalazimu madereva wa matatu kuvaa sare, zikaagiza mishipi ya usalama na kuzuia mwendo kupita kilomita 80 kwa saa. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini sare humtambulisha dereva tu. Haiushiki mguu wake juu ya breki.

Wanafunzi wa fizikia na watupigie hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Kandambili ikinasa chini ya breki, sekunde moja ya kuichomoa yatosha kulifikisha gari kwa mtoto avukaye barabara. Soli yenye matope huteleza, kisigino kirefu hakitulii sakafuni, nayo leso ndefu huweza kujizongazonga kwenye klachi. Koti zito nalo huufanya mshipi ulegee, ilhali unapaswa kukaza begani na nyongani. Na katika zile Probox ambamo dereva hugawana kiti na abiria, mshipi wenyewe haufungiki kamwe.

Wapo watakaodai kwamba joto la kandokando ya ziwa haliruhusu viatu vya kufunika mguu, au kwamba viatu ni ghali. Hoja hizo hazina mashiko. Hatudai viatu vipya. Jozi moja kuukuu, isiyo na kisigino na yenye kufungwa barabara, yaweza kukaa garini daima. Kandambili na ziwekwe nyuma pamoja na mizigo, wala si chini ya kiti cha dereva, zisije zikaserereka hadi kwenye breki.

Mwanafunzi hujifunza zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Abiria wa leo ndiye dereva wa kesho, na atakavyoendesha ni vile atuonavyo tukiingia katika lango la shule. Basi walimu wenzangu, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tutazame miguu yetu kwanza.