Msimtwike Chura Dhambi za Mbu

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa katika baraza moja la hapa Mji Mkongwe nilipomsikia mtu mzima, mwenye kilemba chake na heshima zake, akiwausia vijana ya kwamba masika yameingia, vyura wameanza kutaga, na kila mwenye maji uani mwake ayawahi kwa chumvi na mafuta ya taa kabla mji haujajaa maradhi, kwa kuwa, kwa kauli yake, chura ndiye mama wa mbu. Hadhirina waliitikia kwa vichwa. Hapana aliyetaka dalili wala ushahidi, na kijana mmoja aliondoka pale pale kwenda dukani kununua chumvi. Nilirudi nyumbani kifua kimenijaa, na maneno niliyoshindwa kuyameza ndiyo haya.

Itikadi hiyo haina asili. Imeenea kutoka Malindi hata Makunduchi, hurithishwa pamoja na nyumba na mashamba, nayo imezeeka hata watu wakaidhania kuwa elimu. Lakini uwongo hauwi kweli kwa kukaa sana. Mbu huzaliwa na mbu. Mama yake hutaga katika maji yaliyotuama, na maji hayo chura hakuyaleta mgongoni. Swali ni moja tu, nami nitalirudia mpaka lijibiwe: maji haya ameyatuamisha nani?

Nyuma ya nyumba yangu, chini ya mkomamanga, liko hodhi la mawe na chokaa waliloliacha wazee. Kaskazi inapokatika na mvua za kwanza za mwezi wa Machi zikashuka, vyura dume hukaa ukingoni mwake, koo zimetuna, wakiita usiku kucha. Na asubuhi, mwenye kuinama huona nyuzi mbili ndefu za utelezi zimezungushwa kwenye mashina ya magugu, na ndani yake mayai meusi yamepangika moja baada ya jingine. Juu, katika tawi lililoinamia maji, yule chura wa mitini hufanya fundo la povu jeupe, analolipiga kwa miguu yake ya nyuma, likakauka nje na kubaki na unyevu ndani, na baada ya siku chache watoto wake hudondoka humo majini. Wenye macho na wamtazame mtoto huyo: kichwa cha duara, mkia mpana, amejibandika kwenye jiwe akikwangua ukoga. Kisha wamtazame kiluwiluwi wa mbu katika ndoo iliyosahauliwa msalani: ananing'inia kichwa chini, ncha ya mkia imegusa uso wa maji apate pumzi, na kivuli kikimpitia huzama kwa kujikunjakunja. Mmoja ataota miguu, atoke kwenda kula mchwa, mende na kumbikumbi. Mwingine ataota mbawa, aje kutunyonya damu. Mtu asiyeweza kuwapambanua viumbe hawa wawili hana haki ya kutoa hukumu ya kifo juu ya mmoja wao.

Wanaotaka ushahidi wa nje ya ua wangu na waende Makunduchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wa huko wakiteswa na matende na mabusha, wataalamu waliwapa wagonjwa dawa, na mbu wakawafuata kule wanakozaliwa, yaani katika vyoo vya shimo vyenye maji, wakamwaga humo chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, mpaka uso wa maji ukafunikwa wote. Mbu wakapungua mno, na maradhi yakapungua, wala hapana chura aliyetiwa chumvi. Mbu wale walikuwa zao la vyoo vyetu wenyewe, kama walivyo wa mjini zao la makaro yasiyofunikwa, la mipira mibovu ya gari iliyotupwa vichochoroni, na la mitaro iliyozibwa kwa takataka, ingawa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Maji hayo ameyatuamisha nani? Wazee wa Lamu walikuwa na busara kutushinda: katika mabirika ya majumba yao waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini ya birika wakatia bakuli la kaure, samaki wapate pa kujikusanya maji yanapopungua. Wao waliitafuta dawa ya mbu kwa kiumbe hai. Sisi tunawamwagia sumu viumbe hai na kuwaachia mbu makaro.

Jirani mmoja nilipomweleza haya alinijibu kwamba vyura walikuwa adhabu ya Firauni, na kwa hiyo ni viumbe vya laana. Subhanallah! Aya hiyo ya Suratul-Aaraf inataja tufani, nzige, chawa, vyura na damu. Basi na ailaani kwanza mvua inayojaza kisima chake, kisha ailaani na damu iliyo mishipani mwake, ndipo aje tuzungumze habari za vyura. Na kama ni dini anayoitaka, katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumwua. Ikiwa haikuruhusiwa auawe kwa ajili ya dawa, ni kwa idhini ya nani anauawa kwa ajili ya uvivu wetu?

Wengine husema kelele zake zinawanyima usingizi. Watu hao hao hulala fofofo kando ya jenereta za hoteli zinazonguruma mpaka alfajiri, wala hawaendi ofisi yoyote kushitaki, kwa kuwa jenereta ina mwenyewe mwenye fedha na chura hana. Ni hao hao wanaosakafia nyua zao kwa saruji na marumaru ili wageni wapate mahali pa kunywea kahawa, hata mvua ikakosa pa kuzama, ikakimbilia vichochoroni na kutuama milangoni mwa watu. Kisha akionekana chura humo, hufanywa yeye mshitakiwa. Kumpiga chura kwa kuwa maji yamejaa ni sawa na kumpiga muadhini kwa kuwa wakati wa sala umeingia.

Nchi yetu imeshapata fedheha moja ya vyura, nayo ingetosha kutufunza. Katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo mno, asiyetaga bali huzaa watoto, asiyepatikana pengine popote duniani, na uhai wake ulikuwa katika manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilijengwa, mwaka 2000 maji ya maporomoko yakapunguzwa, na 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Lau si wachache waliopelekwa mapema Marekani, wakalelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo mpaka 2012 walipoanza kurudishwa, leo tungekuwa tunalisimulia jina lake tu. Vyura wa nyua zetu hapana aliyewawekea akiba ng'ambo.

Mwenye nia ya kweli ya kupigana na mbu na aanze kesho asubuhi: afunike karo lake; amwage maji ya ndoo, ya makopo na ya vifuu vya nazi kila juma, kwa kuwa katika joto letu mbu hutimia kwa siku saba mpaka kumi; azibue mtaro ulio mbele ya mlango wake hata kama aliyeuziba ni jirani. Atakayefanya hayo yote kisha akaja na mashitaka juu ya chura, nitamsikiliza kwa adabu. Lakini asiyefanya hata moja, na akamwendea chura na kopo la chumvi, huyo ni dhalimu, na wa kwanza kudhulumiwa naye ni mtoto wake mwenyewe, anayelala bila chandarua hatua chache kutoka katika karo lililo wazi.