Kabla hujamwambia mwanao "huwezi"

Septemba 2024, siku chache baada ya Michezo ya Paralimpiki ya Paris kumalizika, mama mmoja wa Tandahimba alimleta kwangu kijana wake. Miaka mitatu nyuma kijana huyo alianguka kutoka juu ya mwembe, akaumia uti wa mgongo sehemu ya chini, miguu ikapoteza nguvu na hisia. Nilikuwa namtibu kidonda cha kukalia, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kidonda kilekile kufunguka.

Nilipomaliza kukisafisha na kukifunga, alitoa simu akanionyesha video fupi. Msichana wa Kihindi yuko kwenye kiti cha magurudumu, ameinua bunduki ya upepo, anashusha pumzi, anatulia, anafyatua.

"Daktari, na mimi naweza hii?"

Mama yake aliniwahi. "Daktari, mwambie aachane na hayo. Huyu hata kukaa kunamletea vidonda, bunduki ataiweza wapi?"

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nusura nimuunge mkono mama. Kwa miaka yote ya kazi yangu nimewauliza wagonjwa wa aina hii kuhusu mkojo, choo, vidonda na dawa. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza hata mmoja wao anacheza mchezo gani. Tunamtibu mtu kidonda, tunamrudisha nyumbani akalale, halafu tunashangaa kidonda kikirudi.

Msichana wa kwenye video anaitwa Avani Lekhara, wa Jaipur, India. Mwaka 2012, akiwa bado mtoto, alipata ajali ya gari iliyomwacha amepooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwaka 2015 baba yake alimpeleka kujaribu kulenga shabaha kwa upinde na kwa bunduki, na mtoto akachagua bunduki. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alishinda dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10, akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata dhahabu ya Paralimpiki. Paris akaitetea.

Sikusimulii haya ili uamini kwamba mwanao ataleta dhahabu. Wengi hawataleta, na si lazima walete. Ninachokuomba ukione ni kile alichofanya yule baba: alimpeleka mtoto kujaribu, kisha akamwachia achague.

Tena michezo hii ilizaliwa hospitalini. Daktari Ludwig Guttmann alikuwa akiwatibu majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakati ambao wengi wa majeruhi kama hao walikuwa wakifa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Aliwageuza kitandani, aliwatibu vidonda, na akawapa michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16, wanaume na wanawake, walishindana kwa upinde na mishale kwenye uwanja wa hospitali. Kutoka hapo ndipo ilipokuja Paralimpiki. Kwa hiyo kijana wangu alipouliza juu ya shabaha, alikuwa ameuliza kuhusu tiba ambayo sisi madaktari tuliwahi kuiandika wenyewe, kisha wengi wetu tukaisahau.

Mchezo wenyewe una sura mbalimbali. Ule wa mita 10 hutumia kidonge cha milimita 4.5, na alama ya kumi katikati ya karatasi ina upana wa nusu milimita tu, sawa na kitone cha kalamu. Upo mwingine ulioanza Uingereza mwaka 1980, wa kuangusha vinyago vya bati vyenye umbo la wanyama vinavyopangwa uwanjani katika umbali tofauti, hadi kama mita 50. Huo wachezaji wengi huucheza wakiwa wamekaa chini, hata wale wenye miguu mizima. Mtu asiyetumia miguu hapo haanzi nyuma sana ya wenzake.

Mwenye mikono dhaifu naye ana nafasi. Katika Paralimpiki lipo kundi la wanaoruhusiwa kuweka bunduki juu ya kiegemeo chenye springi, kwa sababu mikono yao haiwezi kubeba uzito. Asiyeona hulenga kwa kusikiliza: mlio kwenye masikio yake hupanda kadiri anavyokaribia katikati ya shabaha.

Sasa turudi Tandahimba, ambako mimi sijaona uwanja wa bunduki ya upepo, na kijana wangu hana hela ya kununua hata kidonge kimoja. Nilimwambia mama hivi: "Mama, hatuanzi na bunduki. Tunaanza na makopo."

Makopo kumi ya maziwa, yapangwe juu ya gogo, nyuma yake pawe na kichuguu au tuta la udongo la kuzuia kinachopita. Kijana akae hatua kumi, arushe mpira au kokoto. Akizoea, achukue manati. Watoto wote wakae nyuma yake, asiwepo mtu pembeni ya makopo, na ndege waachwe waruke zao. Miwani ivaliwe, iwe hata ile ya fundi wa kuchomelea, kwa sababu jicho lililopigwa na jiwe la manati mara nyingi haliponi vizuri. Kwa asiyeona, funga kamba ndefu kwenye kopo lenye kokoto, mtu akae nyuma ya mrushaji aivute ili kopo litoe mlio. Mwenye mkono dhaifu mtafutie panda ya mti ya kuegemeza mkono. Watu wanaochonga mpingo hadi ukawa na sura za mababu hawashindwi kuchonga kiegemeo.

Kazi yangu kama daktari haikuwa kutoa ruhusa ya kucheza. Ilikuwa kuhakikisha kwamba anajaribu bila kujiumiza, na hapo ndipo ninapotaka wewe mgonjwa au mzazi uniulize maswali mengi zaidi.

La kwanza ni kikalio. Asiye na hisia matakoni hasikii maumivu yanayomfanya mtu mwingine ajigeuze. Mto wa sponji nzito ni lazima, na kila baada ya dakika 15 hadi 30 ainame mbele au ajinyanyue kwa mikono kwa dakika moja au mbili. Tuliitumia shabaha yenyewe kama saa: kila raundi ya makopo kumi ikiisha, anainama ndipo yapangwe mengine. Jioni mama anamkagua ngozi kwa tochi. Pakiwa pekundu au peusi kuliko kawaida na pasirudi baada ya nusu saa, kesho hakuna mchezo.

Mchanga wa kule unameza magurudumu, kwa hiyo kiti kikae juu ya ubao na breki zifungwe. Mshipi mpana wa kitambaa kifuani humsaidia asiye na nguvu za kiwiliwili asianguke mbele. Mabega nayo yana ukomo wake, maana anayesukuma kiti kwa mikono tayari ameyatumikisha kutwa, na bunduki ya mashindano inaweza kufika kilo 5.5. Maumivu ya bega yanayodumu hadi asubuhi yanamaanisha apunguze.

Kama uti wa mgongo uliumia juu, kifuani au shingoni, soma hapa mara mbili. Mwili wa mtu huyo unaweza kushindwa kutoa jasho chini ya jeraha, hivyo jua la saa saba si lake. Acheze asubuhi chini ya mkorosho, na maji awe nayo. Akipata ghafla maumivu makali ya kichwa yanayogonga, jasho usoni na ngozi ya uso kuwa nyekundu, shinikizo la damu limepanda kwa hatari. Mkalishe wima, legeza nguo zote zinazobana, angalia kama kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umejikunja, kisha mkimbize hospitali hata kama anaanza kupata nafuu.

Mwenye kifafa ambacho hakijatulia kwa dawa asishike kitu cha kufyatua kwanza. Tukitulize kifafa, halafu tuzungumze.

Ikitokea siku ukapata klabu yenye bunduki ya upepo, usiiite kitu cha kuchezea. Kabla ya kununua au kupokea zawadi kutoka kwa ndugu wa mjini, nenda kituo cha polisi uulize kuhusu kibali. Isifanane kabisa na gobore la kuwindia nguruwe. Vidonge vyake vingi ni vya risasi, na lugha yetu imeyapa jina moja madini na kile kinachotoka kwenye mtutu. Madini hayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto na mimba. Mtu asivishike kwa midomo, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuna swali moja nililomuuliza kijana baada ya kumwomba mama atoke nje kidogo. Nilimuuliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Akanyamaza, akatazama dirishani, akasema, "Mwaka wa kwanza, ndiyo. Sasa hivi hapana." Tulikaa tukaongea hadi muuguzi akagonga mlango. Mzazi, usiogope swali hili. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Na kama jibu ni ndiyo, au unashuku ni ndiyo, silaha ya aina yoyote isilale kwenye nyumba yenu, na yeye aje kituo cha afya wiki hiyo hiyo.

Najua utaniambia kwamba hizi ni ndoto za watu wa mbali. Timu yetu ya soka ya watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, na wale ni Watanzania wanaocheza kwa magongo. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaja wazi haki ya watu wenye ulemavu kushiriki michezo. Kwa hiyo unapokwenda kumuona ofisa michezo au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, usiende kama anayeomba msaada. Muulize mashindano yajayo ya wilaya yana mchezo gani kwa ajili ya mwanao. Akisema hakuna, mwombe aandike jina la mtoto, kisha urudi mwezi unaofuata.

Wenzangu wa kliniki nao nawadai. Kwenye kadi ya mgonjwa, chini ya dawa, ongezeni mstari mmoja wa mchezo.

Yule kijana alirudi Februari, msimu wa korosho ulipokwisha. Kidonda kilikuwa kimefunga, kovu limekauka. Nilimuuliza anaangusha makopo mangapi kati ya kumi. Alisema sita, mama akasema manne, wakaanza kubishana mbele yangu kama watu wa mpira. Mama alikuwa na lalamiko jingine pia: majirani wanaleta watoto wao kila jioni kushindana naye, na sasa makopo hayatoshi.