Matembezi ya Bwana na Bibi Kigali

Askari arudipo nyumbani kwa likizo fupi, mara nyingi humkuta mkewe amekwisha kuzoea kuishi peke yake. Maneno huwa machache, na chai hunywewa kimya. Heri watoke wawili kwa miguu.

Waanzie Nyarugenge, kwenye nyumba ya Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyeuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Sasa ni makumbusho. Hapo nje, macho yakiwa vilimani, bibi huweza kuuliza mambo yasiyoulizika mezani mbele ya watoto.

Kisha wateremke Biryogo, mtaa wa kale wa Waislamu, ambako Kiswahili kilifika pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 2021 sehemu yake ilifungwa kwa magari, zikawekwa meza. Chai ya maziwa kwa watu wawili haivunji mshahara.

Walakini si kila jengo la kale lafaa kwa matembezi hayo. Mengine ya Kigali, makanisa yakiwamo, yana kumbukumbu ya mwaka 1994. Bwana asimpeleke mkewe huko kabla ya kumwuliza. Pengine ana watu wake mahali hapo. Akikataa, warudi Biryogo wakaongeze chai.