Bukavu: Koko asiyelala usiku si wa kunyamazishwa kwa vidonge

Hapa Kadutu, mzee akianza kubisha mlango saa nane za usiku, akitaka kurudi kwa mama yake aliyekufa zamani, majirani wananong’ona kwamba ni mchawi. Sisi tusiokubali maneno hayo tunakimbilia farmasia. Tunanunua vidonge vya kutuliza bila karatasi ya daktari, koko analala, na nyumba nzima inashukuru.

Mimi pia nilishukuru, wakati wa mama yangu. Asubuhi moja tukamkuta mdomo umepinda na mkono wa kuume hauinuki. Kama ni vidonge, ama ni tansio ambayo hatukuipima, sitajua kamwe. Lakini ningepashwa kuuliza mbele ya kumpa.

Hatari yenyewe si siri. Mwaka 2004 Uingereza iliwaonya madaktari kwamba risperidoni na olanzapini zinaongeza kiharusi, ile tunaita AVC, kwa wazee wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2005 Marekani ikaonya kwamba dawa za aina hiyo zinaongeza vifo kwa wazee hao. Mwaka 2008 onyo likafikia na zile za zamani, kama haloperidoli.

Sisemi dawa hizo zisitumiwe hata kidogo. Kuna mzee anayejiumiza ao kupiga watu, na daktari anaweza kuona hakuna njia ingine. Lakini hiyo ni kazi ya daktari: dozi ndogo, kwa siku chache, huku akimfuata mgonjwa. Na anayezitumia tayari asiachishwe gafla bila kumuuliza.

Mzee anayehangaika usiku mara nyingi ana sababu: maumivu, malaria, ambukizo la mkojo, choo kigumu, njaa ao giza. Tutafute hiyo kwanza, na tumpime tansio kwenye kituo cha afya. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea ao maneno yakikwama, tumpeleke hospitali saa ile ile, bila kungoja kuche.

Wenye farmasia nao, pamoja na viongozi wanaopashwa kuwachunga, waache biashara ya kuuza dawa hizi kama bonbon. Wazazi wetu walikesha nasi tulipokuwa watoto wachanga, na hawakututafutia vidonge vya kutunyamazisha.