Miti ya Isare, Usalama wa Mutakura

Ndugu zangu wapendwa wa Mutakura,

 Huku Ottawa nimesikia kwamba lile shamba letu la miti kule vilimani Isare limepata mnunuzi, naye anataka kulikata viwanja. Siwezi kuwaamuru, kwa maana ninyi ndio mnaohangaika na karo za watoto na dawa za mama mkubwa. Ila naomba kikao cha familia kisitie sahihi bado.

Mnaukumbuka usiku wa Februari 9, 2014. Maji yaliteremka kutoka vilimani na mawe na matope, yakavamia mitaa ya kaskazini mwa jiji letu, wakafa watu zaidi ya 60. Miti haizuii kila mvua. Lakini mlima uliofyekwa ukaezekwa mabati haunywi maji. Yote yanashuka kwa pamoja, na njia yake ni huko kwetu.

Kwa hiyo mwenye miti kule juu anatulinda sote, wala hakuna anayemlipa. Huku Ontario, mwenye msitu wa hekta 4 au zaidi akiwa na mpango wa kuutunza ulioidhinishwa, msitu huo hutozwa robo tu ya kiwango cha kodi ya makazi. Kwetu Burundi hilo halitoshi. Watu wetu hawauzi itongo, yaani ardhi ya ukoo, kwa kuogopa kodi, wanauza kwa shida, na shida hutaka pesa taslimu.

Nchini Uganda walijaribu hilo hasa, kumlipa mwenye miti pesa taslimu. Kati ya 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale, wenye misitu binafsi wa vijiji 60 waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kila mwaka wasipokata, na wakaguzi wakawa wanapita kuangalia. Vijiji 61 vya kulinganisha havikupewa ahadi hiyo. Picha za satelaiti zilionyesha miti imepungua kwa asilimia 4.2 kwenye vijiji vya malipo, na asilimia 9.1 kwingine. Panga halikutulia kabisa, lakini msitu mwingi ulipona.

Tukiiga malipo hayo kwetu, familia nyingi hazina hata hekta moja, kwa hiyo kilima kizima kijiandikishe pamoja, majirani wakaguane. Serikali imekuwa ikipanda miche tangu 2018 kwa mpango wa Ewe Burundi Urambaye, na ni jambo jema. Lakini mche utachukua miaka mingi kufanya kazi ambayo mti wa babu unaifanya leo, na mti huo ndio unaogeuzwa makaa. Sehemu ya ada za wanaojenga vilimani ingefaa kumfikia anayeutunza. Nasi wa ughaibuni tunaotuma pesa za harusi na matanga, tutume na za miti.

Baba mdogo, mwambie mnunuzi asubiri. Watoto wenu wa huku tumekubaliana kuchanga kila mwaka. Nitumie vipimo vya shamba na majina ya majirani tunaopakana nao, ili tuanze nao pamoja.