Majina Yamebaki, Hoja Imeondoka

Lipo zoezi moja katika madarasa yetu ya fasihi ambalo sisi twaliona kuwa adui wa usomaji. Mwanafunzi hupewa kitabu, huonyeshwa mchezo wa televisheni uliotokana na kitabu hicho, kisha huambiwa ataje tofauti tano. Naye huzitaja. Kitabuni fulani ni mwanamume, katika televisheni ni mwanamke. Kitabuni vita havionekani, katika televisheni mabomu yalipuka. Hupata alama tano kwa tano bila ya kufikiri hata mara moja. Muhula uliopita tulisahihisha rundo zima la majibu ya aina hiyo, na kitabu chenyewe kilikuwa Foundation cha Isaac Asimov, ambacho tulikieleza sura kwa sura darasani ili wanafunzi wajizoeze kujadili mambo mageni kwa Kiswahili. Rundo lile ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Kwa wenzetu wasiokijua kitabu hicho, tuseme machache. Asimov alizaliwa Urusi mwaka 1920, akalelewa New York, akasomea kemia. Alikuwa kijana wa miaka 22 hadithi ya kwanza ya mfululizo huo ilipochapishwa mwaka 1942 katika gazeti la Marekani la Astounding Science-Fiction. Hadithi hizo zilikusanywa kuwa vitabu vitatu, vilivyotoka mwaka 1951, 1952 na 1953. Neno lenyewe la jina lina maana mbili: msingi wa nyumba, na pia wakfu, yaani taasisi iliyowekewa mali ili idumu. Sisi tulichagua Wakfu, na ubishi uliofuata darasani ulikuwa wa manufaa kuliko zoezi zima la tofauti tano. Mchezo wa televisheni ulianza kuonyeshwa na Apple TV+ mwaka 2021 chini ya uongozi wa David S. Goyer, ukaendelea mwaka 2023 na 2025, kila msimu sehemu kumi.

Kitabu chasema nini? Hari Seldon, mwanahisabati anayeishi Trantor, sayari iliyofunikwa yote kwa mji mmoja wenye watu bilioni 40, apiga hesabu na kuona kwamba Dola iliyodumu miaka 12,000 itaanguka. Baada yake litakuja giza la miaka 30,000. Kuanguka hakuzuiliki, lakini giza laweza kufupishwa likawa la miaka 1,000. Elimu yake yafanana na elimu ya gesi: hapana awezaye kujua molekuli moja itakwenda wapi, bali mwenendo wa gesi yote hujulikana. Kwa hiyo Seldon hatabiri habari za Fulani bin Fulani. Hutabiri habari za umati. Ndiyo maana kitabu hiki hakina shujaa. Miaka mingi yapita kati ya sura na sura, na mtu uliyemzoea jana leo ni jina tu vinywani mwa wajukuu.

Mtazameni Salvor Hardin, meya wa Terminus. Nchi jirani zina manowari, yeye hana. Awafanya majirani hao watumie mitambo ya nishati kutoka Terminus, mitambo ambayo mafundi wake ni makuhani wa dini iliyobuniwa kwa ajili hiyo. Siku mtawala wa Anacreon anapotuma jeshi, makuhani wazima mitambo, na askari wageuka dhidi ya amiri wao. Hardin ameketi tu. Hakuzaliwa na kipaji chochote cha ajabu. Ni mwanasiasa avutaye sigara, aliyeutambua wakati wake mapema kuliko wengine.

Sasa mtazameni Hardin wa televisheni. Ni mlinzi mwenye bunduki. Pango la Seldon, ambalo humwangusha kila akikaribiaye, yeye halimdhuru. Huota mambo asiyoyajua. Kisha twaambiwa sababu: ni mtoto wa Gaal Dornick, wa kiinitete kilichohifadhiwa na kupandikizwa katika tumbo la mama mwingine, na huyo Gaal naye huhisi mambo yajayo kabla hayajatukia. Katika kitabu Gaal ni kijana mgeni mjini, aonekanaye katika sehemu ya kwanza tu, kisha hatumwoni tena.

Hapa hatuna budi kujitenga na kundi moja la walalamikaji. Wapo waliokasirika kwa sababu Gaal na Hardin wamefanywa wanawake, na kwa sababu Gaal ameigizwa na Lou Llobell, binti mzaliwa wa Zimbabwe. Hasira hiyo si yetu. Kitabu cha kwanza cha Asimov karibu hakina mwanamke hata mmoja, na kasoro hiyo ilikuwa inangoja mtu wa kuirekebisha. Mwanahisabati aweza kuwa mwanamke mweusi na hoja ya kitabu isipungukiwe na kitu. Inayopungukiwa ni pale mwanahisabati huyo anapopewa uwezo wa kuzaliwa nao ambao haumhitaji kupiga hesabu.

Nao watetezi wa televisheni hutujibu hivi: mtazamaji anahitaji sura ya kuizoea, mchezo ambao watu wake wote wamekufa kila baada ya saa mbili hautatazamwa. Jibu hilo lingekuwa zuri kama mchezo wenyewe haungelivunja. Kwani watungaji hao hao wamebuni kitu kisichokuwamo kitabuni kabisa: Mfalme Cleon aliyejizalisha nakala, hata Dola ikatawaliwa na watu watatu wa mwili mmoja, Ndugu Alfajiri, Ndugu Mchana na Ndugu Machweo, kijana, mtu mzima na mzee, karne baada ya karne. Sura ni zile zile, waigizaji ni wale wale, na wakati wapita. Shida ya mtazamaji imekwisha kutatuliwa! Tena imetatuliwa kwa namna iliyo karibu mno na roho ya Asimov, kwa kuwa Dola inayokataa kuzaa kitu kipya ndiyo Dola aliyoieleza Seldon mahakamani. Twathubutu kusema kwamba sehemu iliyobuniwa ndiyo iliyo aminifu, na sehemu zilizobeba majina ya kitabu ndizo zilizokiasi.

Na humo mchezo wajipinga wenyewe. Katika jumba la Cleon twafundishwa kucheka upumbavu wa mtu adhaniaye kwamba damu yake ndiyo haki yake ya kutawala. Kijana mmoja wa nakala hizo, ambaye macho yake hayatambui rangi kama ya wenzake, aishia kuuawa kwa kosa la kutofautiana, nasi twamhurumia. Kisha picha yabadilika, twahamia upande wa mashujaa, na huko twatakiwa tushangilie kwa sababu Hardin ni damu ya Gaal. Damu ile ile! Kwa mfalme ni ugonjwa, kwa shujaa ni neema.

Atakayetupinga atatukumbusha kwamba Asimov mwenyewe alilegea uzeeni. Ni kweli. Katika kitabu cha mwaka 1982 Golan Trevize anachaguliwa kwa hisia yake isiyoelezeka, na katika kile kilichotoka mwaka 1993, baada ya mwandishi kufariki, mjukuu wa Seldon ana kipaji cha kuathiri akili za watu. Hatuvitetei vitabu hivyo. Mzee alirudi shambani kwake baada ya miaka thelathini akapanda mbegu nyingine. Lakini Hardin, Gaal na Terminus watokana na shamba la kwanza.

Atatukumbusha pia habari ya Nyumbu, na hapa ndipo tulipotaka kufika. (Nyumbu huyu ni mtoto wa punda na farasi, si yule wa mbugani, wanafunzi wetu walichora mnyama wa mbugani.) Katika kitabu cha pili atokea mtu aliyezaliwa na uwezo wa kugeuza mioyo ya watu, naye mpango wa Seldon haukumjua. Watu wakusanyika katika chumba ambamo picha ya Seldon, iliyoandaliwa kabla ya kifo chake, huwatokea kila penye hatari. Yatokea, nayo yazungumzia hatari nyingine kabisa, isiyokuwapo. Haiwezi kuwasikia. Haiwezi kuulizwa. Wakati marehemu akiendelea kueleza mambo yasiyotukia, manowari za Nyumbu zafika. Hatujui ukurasa mwingine wa bunilizi za kisayansi utishao kwa upole namna ile. Seldon wa televisheni, kwa upande wake, husikia, hujibu na hugomba. Wa kumwogopesha mtazamaji hayupo tena.

Ni nani amzuiaye Nyumbu? Bayta, mwanamke aliyeolewa karibuni, asiye na kipaji cha ajabu. Safarini alimwonea huruma mchekeshaji mmoja dhaifu na kumtendea wema, bila ya kujua kwamba mchekeshaji huyo ndiye Nyumbu. Naye Nyumbu, aliyezoea kupendwa na mioyo aliyoilazimisha, alipoona kwamba huyu ampenda kwa hiari, hakuugusa moyo wake. Hivyo akili ya Bayta pekee ilibaki huru. Aliwaza, akatambua, akampiga risasi rafiki yake Ebling Mis kabla hajatamka mahali ulipo Wakfu wa Pili. Alilia. Mpango wa miaka 1,000 ukaokolewa kwa sababu mtu wa kawaida aliachiwa akili yake.

Mwaka 2025 televisheni ilifika hapo. Haramia tuliyemwogopa msimu mzima aliuawa, kisha ikafichuliwa kwamba hakuwa Nyumbu. Nyumbu halisi alikuwa Bayta. Twakiri kwamba tulishtuka, kama ilivyokusudiwa. Baada ya mshtuko tulitafuta ni nani aliyebaki humo asiyezaliwa na ajabu na ambaye uamuzi wake wageuza mambo, na hatukumpata.

Muhula huu tumelifuta zoezi la tofauti tano. Tumetoa swali moja: Bayta wa kitabuni alimshinda Nyumbu kwa kitu gani, na kitu hicho kiko wapi katika televisheni? Wengi waliandika ukurasa mmoja. Msichana mmoja aliandika kurasa sita akitupinga tangu mwanzo hadi mwisho, akidai kwamba wema wa Bayta nao ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na kwamba sisi twapendelea kitabu kwa sababu ndicho tulichokisoma ujanani. Kiswahili chake kilikuwa na makosa kumi na saba. Tumeyazungushia wino mwekundu, tukampa alama za juu kuliko wote, na jibu letu kwake bado twaliandika.